Shati la Ishirini na Nne

Mshauri wetu mpendwa,

Kabla sijaomba msaada wako niache nishukuru kwanza, maana bila yule mlezi wa kikundi cha vijana cha mtaani kwetu nisingekuwa na la kuandika, mimi ni fundi cherehani na binti yangu wa miaka kumi na mmoja anatembea kwa magongo tangu utotoni, na mwezi uliopita mlezi huyo alikuja mwenyewe kuniomba binti aende nao matembezi ya msituni, akamweka mbele ya msafara, kwa sababu kwao mwenye mwendo wa polepole ndiye anayetangulia ili asiachwe mtu, basi wenzake wakambatiza jina Kamanda, akarudi na matope hadi kwenye nywele, anacheka.

Lakini alirudi pia na kidevu kilichochubuka. Aliteleza, akainuka, wakaendelea, yeye anasimulia kwa majivuno, ila mimi kile kidevu kilininyima raha siku tatu, na hapo hapo nikaletewa kazi ya kushona mashati ya kambi yao ya siku mbili, watoto ishirini na nne, nami kwa mkono wangu huu nikakata ishirini na tatu. Mlezi alipokuja kuyachukua alihesabu mara mbili akauliza, "Mama Kamanda, na la Kamanda liko wapi?" nikamwambia ana homa, kumbe mwenyewe yuko uani anafua soksi zake za safari, mzima kabisa. Akanipa pole, akaniachia kitambaa kilichobaki. "Mshonee tu, huenda akapata nafuu." Jioni binti akawaona wenzake na mashati mapya, akaniuliza taratibu, "Mama, mimi wamenisahau?" nikajibu, "Labda." Tangu hapo hataji kambi, na kambi ni Jumamosi. Nifanyeje?

Fundi mwenye aibu

Fundi,

Pole, na asante kwa kusema ulichoweza kuendelea kukificha. Hofu yako naielewa, mimi pia ni mzazi. Lakini hiyo "labda" yako imenikera, mama. Kidevu kimeshapona. Neno lako ndilo linalomuuma sasa, maana anaamini kwamba waliomweka mbele wamemtupa, na umewasingizia watu wale wale unaowashukuru.

Leo hii mwite umpime. Najua vipimo vyake unavyo kichwani, mpime hivyo hivyo. Futi ikiwa mabegani mwake mwambie, "Hawakukusahau. Mimi ndiye niliyeogopa." Akinuna, mwache anune, ana haki yake. Kisha nenda kwa mlezi ukamwambie hakukuwa na homa, na umuulize yale yanayokutia hofu: njia ina utelezi wapi, choo kikoje, nani atalala karibu naye. Hayo ni maswali ya mzazi, na naamini atayajibu bila kukasirika. Nunua mipira mipya ya chini ya magongo, ile ya zamani huenda ndiyo iliyomwangusha. Na kwenye makwapa ya shati weka kitambaa mara mbili, magongo yanasugua.

Kama kweli unamshukuru yule mlezi, mshukuru kwa kumpelekea mtoto.

Jumapili shati likirudi na matope, usikimbilie beseni. Kaa chini kwanza, akuhadithie.