Pampu ya Upasuaji Bondeni Gasorwe

Jumatatu, 7 Julai. Gitega

Chumba cha upasuaji leo: kusafisha kizazi, ngiri, tena kusafisha kizazi. Vinyama vya kupima vimenaswa kwenye kichujio cha mashine ya kufyonza, kama kila siku. Nikavitia chupani, nikaandika majina ya wagonjwa. Mgongo unaniua.

Deo kapiga simu tena. Yuko Muyinga, kazi yake mazingira. Tulisoma darasa moja kambini Kibondo, Tanzania, kabla ya amani kuturudisha huku Burundi. Wakubwa wake wanataka kujua kama fisi maji, wale wanyama wa mtoni wanaokula samaki na kaa, bado wanaishi katika bonde la Gasorwe. Wakulima wote wanaapa hawapo. Na mimi na mdomo wangu ndiye niliyemwambia, harusini kwa mdogo wake, kwamba kichujio chetu kinanasa hata unywele mmoja ndani ya ndoo ya damu. Sasa anataka tufyonze maji ya bonde, tunase manyoya, ngozi, mavi, chochote. Maabara ya Bujumbura watasoma vinasaba, waseme ni vya mnyama gani.

Nimekubali. Sikumwambia kwamba shamba la kaka liko huko huko.

Jumamosi, 12 Julai. Muyinga

Bondeni hakuna umeme. Mkuu wetu wa hospitali kaniruhusu kuchukua pampu ya kufyonza ya kukanyaga kwa mguu, ile iliyotupwa stoo. Haivuti. Nimeipeleka kwa Saidi, fundi wa baiskeli karibu na soko. Kaifungua, kainusa, kakunja uso.

"Dada, ngozi yake iko imekufa. Mi nakuwekea ya pampu ya baiskeli. Bon, itavuta mpaka samaki."

Imevuta. Kwenye kichujio tumeongeza kitambaa chenye matundu madogo zaidi. Saidi kanieleza kazi yake mara mbili, kana kwamba mimi ndiye niliyeivunja. Nilicheka.

Jumapili, 13 Julai. Gasorwe

Deo aliwaambia wakulima wazi, wote wamesimama kwenye majani. Fisi maji akiwepo sehemu ya juu ya bonde, sehemu hiyo inafungwa, jembe haliingii tena. Asipokuwepo, wanabaki na mashamba yao.

Sehemu ya juu ndiyo ya kaka Leonidas. Mlimani, tulipotoka kambini, tulirudishiwa nusu tu ya ardhi ya baba, nusu nyingine alibaki nayo jirani tuliyemkuta ameikalia. Hiyo nusu haiwatoshi watoto wa kaka. Bonde ndilo linalowalisha kiangazi. Maharage yake yana majani mazuri, yanakaribia kutoa maua.

Tumefyonza maji sehemu tatu. Kila kichujio kikatoka na tope la kijani. Nikakitia chupani upesi, nikafunga, nikaandika mahali. Mikono inaijua kazi hiyo.

Nimekula kwa kaka. Kaniuliza, "Hiyo mashine umeitengeneza wewe?" Nikasema ndiyo. Kasukuma sahani. Wifi Spesi akaanza kuongelea mvua.

Jumanne, 29 Julai. Gitega

Majibu ya Bujumbura: hakuna kinachosomeka. Si kwamba fisi maji hayupo. Hakuna kinachosomeka kabisa. Kijana wa maabara kanieleza polepole, kama anamfundisha mtoto. Nilitia vichujio kwenye fomalini. Fomalini hutunza umbo la kinyama ili daktari akitazame. Vinasaba inaviharibu. Ilitakiwa spiriti.

Miaka yote hii, kinyama kikitoka, fomalini. Sikufikiri hata kidogo. Ningeweza kujizaba kofi.

Deo hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Tunarudia Jumapili.

Jioni kaka kaandika kwenye simu: "Mungu mkubwa." Kuna mtu kamwambia hakuna kilichoonekana.

Alhamisi, 31 Julai

Nimempigia kaka. Nimemweleza kosa langu, na kwamba tunarudia. Yeye kauliza moja tu.

"Fomalini inaharibu?"

"Inaharibu."

"Basi unajua la kufanya. Damu nzito kuliko maji, mdogo wangu."

Nikakata. Nina hasira naye. Nina hasira zaidi kwa sababu nilishaliwaza kabla yake, tangu Jumanne, nikiwa bado na simu ya maabara sikioni. Nani angejua? Wangesema pampu ya zamani, fundi wa baiskeli, mambo ya kubahatisha. Deo angenipa pole.

Jumamosi, 2 Agosti

Zamu ndefu. Nimeangusha koleo wakati wa upasuaji, jambo ambalo silifanyi. Daktari kanitazama juu ya barakoa.

Nimefunga mkoba wa kesho. Chupa za spiriti. Chupa moja ya fomalini imebaki mfuko wa pembeni tangu safari ile. Sikuitoa. Nimejiambia sina nafasi ya kuiweka. Uongo mtupu.

Jumapili, 3 Agosti. Gasorwe

Kijana wa ofisini kwa Deo, aliyekanyaga pampu safari ile, hakuja, anaumwa. Deo kauliza nani atasaidia. Watu wakatazama miguu yao. Kaka akavua viatu, akaingia.

Kakanyaga vizuri kuliko yule kijana. Maji yakapanda kwenye mpira, yakapita kichujioni. Maharage yametoa maua meupe, tulikuwa tumesimama katikati yake. Sehemu ya kwanza, spiriti. Ya pili, spiriti. Deo alisimama begani kwangu mara zote mbili.

Ya tatu ni ukingoni kabisa mwa shamba la kaka. Deo alikwenda ng'ambo kuweka vijiti vya alama. Tukabaki wawili. Nikaufungua mkoba, chupa ya fomalini ikaonekana.

"Ndiyo ile?" kaka kauliza.

"Ndiyo."

"Hivyo viwili havina shida, ni vya chini huko. Hiki cha kwangu tu."

Hakunishika mkono. Hakunisihi. Alisimama ndani ya maji, mguu mmoja juu ya pampu, akanitazama kama alivyokuwa akinitazama kambini nilipoogopa kwenda kuchota maji peke yangu, akisubiri mpaka niende.

Kichujio kilikuwa kikidondoka mkononi. Nikachukua spiriti. Nisijisifu, sikuwaza haki wala mnyama. Niliwaza wagonjwa wangu. Kinyama kimetoka kwa mtu aliyelala, hawezi kusema, mimi ndiye niliyekishika. Mikono ikakataa.

Kaka katoka majini. Kachukua viatu, kaondoka peku, hakuaga. Sikwenda kwake kula. Nimelala Muyinga kwa akina Deo na sijamwambia kitu.

Jumatatu, 4 Agosti

Chupa zimekwenda Bujumbura. Nilimpa dereva mkononi, sikutaka kuziona tena.

Jumatano, 20 Agosti. Gitega

Yupo. Vichujio viwili vya chini, hakuna kitu. Cha tatu, fisi maji, bila shaka yoyote. Deo alipiga kelele za furaha kwenye simu. Anasema wataitaka pampu hata mbuga ya Ruvubu, hata kwa ndege wa majini. Mkuu wetu anataka nipigwe picha nayo.

Nimeingia chooni nikalia. Kisha kulikuwa na mgonjwa wa ngiri, nikaenda.

Kaka hapokei simu.

Jumamosi, 30 Agosti. Gasorwe

Wamepewa mpaka mwisho wa mwezi kutoka. Nimekwenda bila kuitwa. Niliwakuta bondeni, kaka na wifi, wanachuma maharage mabichi. Mengi maganda yake ni membamba bado, punje hazijajaa. Hakuna aliyenifukuza. Nikaingia mstari wa pembeni, nikachuma.

 Kisha kaka akaongea, hakuinua kichwa.

"Nilikuwa namwona."

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Tangu mwezi wa sita. Anakula kaa pale kwenye jiwe. Nilimrushia udongo, akarudi. Deo aliponiuliza, nikasema simjui, sijawahi kumwona."

Kachuma kidogo, kaendelea.

"Siku tuliyorudi kutoka Tanzania, wazee walimwita yule jirani wa mlimani, wakamwuliza hawa watu ni nani. Akasema vilevile. Siwajui, sijawahi kuwaona. Na alicheza ubatizoni kwangu."

Wifi kamwambia nyamaza, uchume. Kachuma. Nami nikachuma. Pole ingekuwa matusi.

Atalima matuta kwenye ile nusu ya mlimani. Atajaribu. Hajui kama itatosha, nami sijui.

Tulipomaliza, wifi alinifungia maharage kwenye kitenge niende nayo Gitega. Nikakataa, nikasema ni ya watoto. Kaka akaniwekea kichwani mwenyewe, akakaza ncha za kitenge.

"Twende, nikusindikize barabarani," akasema.

Tukaenda.