Fundo la Kisogoni

Vudee,
2 Februari 1991

Kwa Evance,

Bwana asifiwe. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Hedaru, katikati ya vumbi la malori. Sisi huku tunaendelea kwa neema. Mvua za vuli hazikuwa za kusifia, lakini maharage tumepata, na ng'ombe amezaa dume.

Mama yako wamemruhusu kutoka hospitali. Mfupa umeunga, ila bado ni mtu wa kitandani mpaka wamwambie akanyage. Najua ulikuwa ukienda kumwona siku ambazo mimi nimerudi huku shambani. Nilikuwa nikikuta machungwa kando ya kitanda, na machungwa hayatembei yenyewe.

Ninaandika kwa sababu ya nywele. Miezi ile yote alilala chali, mguu umening'inizwa, na hakuna aliyeweza kumchana. Wewe hukuona kwa kuwa alikuwa amejifunga kitambaa. Tulipokifungua hapa nyumbani tukakuta zimeshikana kichwa kizima, kama manyoya ya kondoo aliyenyeshewa. Lukia wa umoja wa wanawake akaja na mkasi. Mama yako, ambaye hakulia siku anavunjika paja kule kwenye matuta, alikishika kichwa kwa mikono miwili akalia kama mtoto. Lukia akaondoka na mkasi wake.

Unajua nywele za mama yako zilivyokuwa. Mimi nilipomwona mara ya kwanza, amesimama kwenye kwaya amesuka twende kilioni... Basi, hayo hayakuhusu.

Akasema, "Muulize Evance." Nikamwambia Evance kazi yake ni kuwafunga watu nywele, siyo kuzifungua. Akasema anayejua kufunga ndiye anayejua kufungua. Ndiyo maana nakuuliza. Lakini niliyoyasema Krismasi ya mwaka juzi sijayafuta: mlango wangu haupitishi kichwa kisichochanwa. Kwa hiyo usije. Andika tu namna inavyofanyika, umpe jirani yetu Abednego atakapoteremka gulioni.

Baba yako,
Hezroni


Hedaru,
7 Februari 1991

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ni vumbi tu linalotusumbua, kama ulivyosema. Nimefurahi mama kurudi nyumbani. Nimefurahi pia kuuona mwandiko wako, hata kama umeniandikia kama unaiandikia ofisi ya kata.

Umesema nisije, niandike. Haya, naandika.

Usimwoshe kwanza, maji yatazikaza. Pasha mafuta ya nazi yawe vuguvugu (chupa nimempa Abednego), umpake mpaka ndani, zikae nayo mpaka kesho yake. Chukua sindano ya mama ya kufumia vitambaa, ile yenye ndoano. Mimi nakazia dredi kwa sindano ya namna hiyohiyo. Gawa kipande chembamba kama kidole. Shika shina kwa mkono wa kushoto ili asisikie maumivu. Anzia nchani, Baba, usianzie kwenye shina. Kila mtu hutaka kuanzia kwenye shina, ndiyo maana huishia kwenye mkasi. Chomeka ndoano, toa unywele kidogo kidogo, usivute. Ukiona hasira inakuja, weka sindano chini ukamkatie ng'ombe majani.

Swali ni nani atakayefanya. Dada Irine yuko kwa mumewe Kisiwani na ana mtoto mchanga. Lukia ana mkasi. Naona umebaki wewe.

Nimemtumia mama nyuzi. Siku hizi mitumba imejaa hapa. Nachukua masweta yaliyotoboka, nayafumua na kuviringa uzi. Ile miaka ya kuambiwa uzi hakuna, uje wiki ijayo, imepita. Afume vitambaa vya makochi wakati anangoja mguu. Mimi tangu shamba la mkonge litupunguze naishi kwa nywele za mautingo na vijana wa hapa. Wateja wakiadimika nasokota karatasi za kalenda za zamani, natunga na vizibo vya soda, natengeneza mapazia ya milango. Ni kama lile nililowaletea Krismasi ile. Sijui mlilipeleka wapi.

Baba, niseme neno moja na usikasirike. Nywele zangu hazijachanwa, lakini hazijatelekezwa. Naziosha, nazisokota, kila msokoto naujua ulipoanzia. Siku uliponirudisha pale mlangoni niliumia, na mpaka leo naumia. Nataka kuja nyumbani.

Mwanao,
Evance


Vudee,
24 Februari 1991

Evance,

Bwana asifiwe. Afya zetu si mbaya. Mama yako anakula. Makande anamaliza sahani na kudai nyingine.

Nadhani umevisahau vidole vyangu. Hivi ni vya jembe na mawe ya matuta. Msokoto wa kwanza nilikaa nao tangu chai ya asubuhi mpaka ng'ombe akaanza kulia njaa. Mama yako kaniwekea kichwa magotini, anacheka. "Hezroni, hilo ni sikio." Mzee wa kanisa mwenzangu Eliufoo aliingia bila hodi, ikabidi niikalie sindano. Ilinichoma. Nikakaa nayo hivyohivyo nikimsikiliza anavyopanga habari za harambee ya bati, na yule ukimpa chai haondoki. Mama yako alijifunika shuka usoni, kitanda kikawa kinatikisika.

Lakini kazi inakwenda. Upande wa kulia umefunguka. Nimeona mvi ambazo sikuwa na habari nazo. Tena tunazungumza. Sikumbuki ni lini mara ya mwisho tulikaa mchana tukazungumza habari zisizo za shamba wala za zamu ya maji ya ndiva, bwawa letu la kumwagilia. Ameniambia hata jina la yule kijana wa Hedaru aliyetaka kumchumbia kabla yangu. Ningependa asingeniambia.

Sasa juzi kaniuliza. "Hezroni, kichwa changu hiki hakijachanwa tangu Novemba. Na mimi nitoke nje?" Nikamwambia asijitikise, nitamchoma. Hajarudia kuuliza. Ananitazama tu.

Juu ya sikio la kushoto kuna donge gumu kama jiwe. Ndoano haiingii. Nifanyeje? Andika haraka.

Baba yako


Hedaru,
2 Machi 1991

Mpendwa Baba,

Shikamoo, na pole kwa kuchomwa sindano. Nilimsomea barua yako utingo mmoja niliyekuwa namtengeneza, naye alicheka mpaka nikapoteza mstari. Nisamehe.

Hilo donge ni pale alipokuwa analalia. Usilishambulie katikati. Lipake mafuta tena, lipapase kwa vidole mpaka lilegee upande mmoja, uingie kwa upande huo. Ukishindwa liache siku hiyo. Kesho yake huwa limelainika lenyewe, hata sijui kwa nini.

Mimi naendelea. Tatizo ni nta tu. Tunapaka nta ya nyuki kidogo kwenye misokoto ili ishike, lakini ya gulioni imejaa takataka.

Sitakuomba tena kuja, Baba. Nimeshaomba mara moja na umenisikia. Mwambie mama Pasaka ikifika nitakula chapati zangu hapa na akina Hamisi wa kibandani kwangu, asihuzunike. Nikipata nafasi nitapanda mpaka barabara ya juu nione moshi wa jikoni kwetu, kisha nigeuze.

Mwanao,
Evance


Vudee,
20 Machi 1991

Mwanangu Evance,

Salamu nyingi za upendo. Tumejaliwa uzima, na mama yako ameanza kukanyaga. Anatoka kitandani mpaka kwenye kiti cha ukumbini kwa fimbo, halafu anajisifu siku nzima. Kile kiti amekivalisha kitambaa cha bluu na njano, cha nyuzi zako.

Donge la sikioni lilikubali. Mbele kumekwisha, pande zote mbili zimekwisha. Lukia alipokuja akauliza ni fundi gani wa mjini tumemleta. Nikanyamaza, mama yako hakunyamaza. Sasa usharika mzima unajua, na Eliufoo ananiuliza kama nitafungua saluni.

Lakini kisogoni pamenishinda. Kuna fundo moja pale, na macho yangu ndiyo haya ya uzee. Nimejaribu kwa mafuta, nimejaribu kwa kupapasa, halitaki. Nadhani pale panataka mtu wa kazi yake. Irine hawezi. Kwa hiyo nimefikiri labda uje wewe mwenyewe, kwa kuwa Pasaka nayo ipo karibu.

Kuhusu hicho kichwa chako, njoo nacho. Huwezi kukiacha Hedaru. Maneno niliyoyasema mlangoni yalikuwa makali kuliko mtu anavyopaswa kumwambia mwanawe, na hiyo sentensi ya barabara ya juu imeninyima usingizi.

Abednego atakupa kifurushi. Ni nta ya mzinga wangu wa kule bondeni. Nimeichuja kwa kitambaa, haina takataka.

Baba yako akupendaye

Evance mwanangu, hapa anaandika mama. Baba yako kaniachia barua nimpe Abednego, yeye kaenda kwenye zamu ya maji. Kisogoni hakujamshinda. Alipafungua wiki iliyopita, nikajipapasa kwa mkono wangu, laini kabisa. Jana akasema anataka kuangalia tu kama kumetulia. Akakaa nyuma yangu muda mrefu, anahema. Aliponyanyuka nikapapasa: fundo. Kalifunga mwenyewe, na kalifunga vibaya. Usimwambie kwamba najua. Pazia lako kalitoa stoo, kalipangusa vizibo kimoja kimoja, liko mlangoni. Nikiwa kitandani nalisikia kila mtu anapoingia. Mama.


Hedaru,
24 Machi 1991

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Mimi ni mzima kuliko nilivyokuwa siku nyingi. Nta nimeipata. Niliinusa nikaona bonde lote.

Habari za kisogoni nimezisoma kwa makini. Baba, pale ni pagumu, hata sisi mafundi hupaogopa. Hukosei kabisa. Tafadhali usiliguse tena hilo fundo, na mama asijipapasepapase, awe mvumilivu. Kibanda nimemwachia Hamisi. Napanda Alhamisi, kabla ya Ijumaa Kuu, na sindano yangu mfukoni.

Ila niwaambie mapema msije mkashangaa. Fundo la namna hiyo haliondoki kwa siku moja. Itabidi nikae.

Mwanao,
Evance