Kulabu Mbili za Henga

Baba Salma,

Nisamehe kwa kukaa kimya muda wote huu. Najua ungesema, "Mama Salma, umenisusa?" Sijakususa. Eda ilikuwa miezi minne na siku kumi, na siku zote hizo daftari lilikuwa chini ya mto, kalamu ndani yake. Eda ikaisha, nikatoka, na bado sikuandika. Kilichonizuia ni aibu. Kuna jambo nililifanya kwenye kona yako pale gereji, na nisingeweza kukuandikia habari za mtoto na za mvua halafu hilo nikaliruka.

Ila nianze na mtoto. Anatembea. Ulimwacha anajivuta kwa makalio, sasa anafika mpaka mlangoni, anashika pazia, anasema "Ba." Kila aliyevaa ovaroli kwake ni Ba. Hamadi, pale gereji kwake, akimsikia anageukia ukutani, anajifanya anatafuta spana.

Uliumwa kichwa Jumatano, Alhamisi baada ya Alasiri tukakuzika. Mpaka leo naona kama kuna siku moja hapo katikati walinificha.

Arobaini yako ilipopita, kaka yako akaanza kutoa nguo zako sadaka. Hamadi naye akaja na vitu vyako vya gereji, akasimama nje ya pazia kama inavyotakiwa kwa mwanamke aliyekaa eda. Spana na jeki nikamwambia aniwekee. Akauliza, "Na hili kopo, shemeji? Lina mawaya mawaya yamepinda." Mie nimekaa chini, kichwa kinanigonga, Salma ananyonya. Nikamjibu, "Toa tu, wape watu wa skrepa." Kama ningekuwa natoka ningechungulia. Sikuchungulia. Nilizitupa kulabu zako kwa mdomo wangu mwenyewe.

Zile mbili. Unakumbuka ulivyoichukua henga ya waya iliyokuja na kanzu yako ya harusi, ukaikata kwa koleo, ukazikunja ncha huku na huku? Ukanipa waya uliobaki nikunje ya pili. Yangu ikapinda kama mguu wa kuku. Hamadi alicheka mpaka akakaa chini: "Shemeji, hiyo unavulia kambale?" Weye hukucheka. Ukaanza kuitumia hiyo hiyo yangu, yako iliyonyooka ikawa inalala koponi.

Siku hiyo nilikuwa na mimba ya miezi saba, nimekuletea chapati na maharage. Ukanishikisha kalipa, lile chuma zito linalozibana pedi, ukaniambia nisiiachie hata kidogo mpaka uitundike kwenye springi kwa kulabu. "Isining'inie kwa mpira. Huu mpira unapitisha mafuta ya breki, haubebi mzigo. Ukiuachia mzigo, nje utauona mzima na ndani umechanika." Nikakuuliza mbona unakaogopa hivyo kampira kenyewe kadogo. Ukalitazama tumbo langu, ukasema, "Hiki ni kitovu, mama. Mtoto habebwi kwa kitovu."

Sasa sikia nilichofanya.

Nilipotoka eda nilikwenda kwa Hamadi nikamwambia nataka kona ya marehemu. Kazi ya breki naijua, nimeshika tochi miaka miwili. Alikubali. Wengine wakapata la kusema: "Jamani, shemeji akianza kufunga breki, sie tupande juu ya mabati!" Nikawaambia pandeni, ila msije mkaniomba niwashushe.

Gari la kwanza likawa la Bi Zuhura, yule mama mteja wako aliyehamia Goba. Alikuja kuhani, hakupata nafasi ya kukaa na mie; aliposikia nimeshika kona yako akasema kazi yake ataniletea mwenyewe. Pedi za mbele zimekwisha. Nikapandisha jeki, nikaweka stendi, jiwe nyuma ya tairi, kila kitu kama ulivyonifundisha. Nikaifungua kalipa ya kushoto, nikanyoosha mkono kwenye rafu kuchukua kulabu. Kopo halipo.

Hapo ndipo nilipojua siku ile nilimwambia Hamadi atoe nini.

Nilibaki nimeishika kalipa kwa mikono miwili, Baba Salma, sijui niipeleke wapi. Salma, aliyekuwa anacheza kando yangu, akajigonga kwenye rimu, akapiga ukelele. Nikaiachia. Nikamkimbilia mtoto, nikamnyonyesha nyuma ya gari, na machozi ambayo sikuyalia msibani yakatoka yote pale. Sijui nilikaa muda gani. Niliporudi kalipa ilikuwa inaning'inia kwa mpira, imejipinda shingo.

Nikautazama mpira. Nje mzima. Nikafunga pedi mpya, nikakanyaga breki, pedali ikawa ngumu kama inavyotakiwa. Hamadi akauliza, "Fundi, kila kitu sawa?" Nikasema sawa.

Bi Zuhura akanishika shavu kabla ya kuondoka. "Mungu akuzidishie, mwanangu. Wajukuu watakuwa salama." Ni yeye anayewapeleka shule kila asubuhi, watatu. Unaijua ile miteremko ya Goba.

Siku mbili sikula. Hakuna aliyeniona, na ningesema, pale gereji ningekuwa nimewapa wimbo wa mwaka mzima. Labda na kona wangenitoa. Halafu tutakula nini? Nikawa najiambia mpira mzima, nimeuona mzima. Kila nikijiambia hivyo nasikia sauti yako: nje mzima.

Siku ya tatu nikampigia Bi Zuhura, simu haipatikani. Nikanunua mpira mpya na chupa ya mafuta ya breki, nikatia spana na jeki yako kwenye mfuko, stendi Hamadi akaniazima bila kuuliza. Salma mgongoni. Kutoka huku kwetu Mtoni mpaka Goba na vyuma vile, mikono ilikufa ganzi. Nilimkuta Bi Zuhura uani kwake, ufunguo mkononi, wajukuu wanaingia kwenye gari.

Hata shikamoo sikuimaliza. Nikasema, "Bi Zuhura, usiondoe gari. Nimekosea." Nikamweleza yote, kalipa, mpira, kopo, mpaka kunyonyesha nyuma ya gari.

Akamtazama Salma mgongoni kwangu. Halafu akasema, "Yaani weye binti umetoka Mtoni na mtoto mgongoni kuja kunambia umeniharibia gari?"

"Ndiyo, Bi Zuhura."

"Una kichaa. Nyie, shukeni. Leo mnakwenda kwa bajaji."

Pale uani pako tambarare, nikaweka jeki na stendi, nikafungua tairi. Nikaitoa kalipa niuone mpira pande zote, na safari hii tena nilikuwa sina kulabu. Mwisho wa mbio zote zile, kulabu ndiyo niliyoisahau! Nikasimama na kalipa mikononi, mtoto mgongoni, nikataka kucheka nikashindwa.

Nikamwita Bi Zuhura amchukue Salma. Mbeleko ikabaki tupu begani. Ile ya maua ya zambarau, uliyoninunulia alipozaliwa. Nikaipitisha chini ya kalipa, nikaifunga kwenye springi mafundo mawili, nikaachia mikono taratibu. Ikabeba. Mpira ukalegea, haukuvutwa hata kidogo. Kalipa ikatulia mle ndani ya mbeleko kama mtoto aliyeshiba.

Basi nikaukunja mpira polepole kwa vidole. Karibu na pale unapoingia kwenye chuma palikuwa na ufa mdogo kama ukucha wa Salma, na ufa ulikuwa na unyevu. Nikanusa. Mafuta ya breki.

 Nikawaona akilini wale watoto watatu kwenye mteremko. Bi Zuhura naye aliuona ufa, maana alimkumbatia Salma kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika.

Nikafunga mpira mpya. Bi Zuhura mwenyewe akakaa ndani akikanyaga pedali, mie chini natoa upepo ulionasa kwenye mafuta: "Kanyaga. Shikilia. Achia." Sauti yangu ikawa yako kabisa, nikashtuka. Tulipomaliza akashuka, akaniambia kwa ukali, "Wiki ijayo namleta mwanangu, gari lake linalia breki. Na weye usiniache tena nimeshika ufunguo kwanza ndiyo useme. Unasikia?" Nimesikia.

Niliporudi niliwaambia gereji nzima, wamesimama.  Yule anayenitaniaga kila siku akasema, "Kumbe fundi." Akaendelea na kazi yake. Hamadi alitoka akaenda kwa watu wa skrepa kuulizia kopo. Vyuma vilishapakiwa zamani.

Ile mbeleko nimeifua mara nne kwa sabuni ya unga na mchanga, kama ulivyokuwa unanawa kabla ya kumshika mtoto. Doa la grisi halitoki. Nimeacha kulisugua. Salma akilala analishika lile doa, na mie naliacha alishike, maana ndiyo harufu yako iliyobaki ndani ya nyumba.

Nimekunja kulabu mpya mbili. Zimenyooka, hata weye usingekuta kasoro. Nimezitundika ukutani na naapa mbele yako, mikononi mwangu hakuna kalipa itakayoning'inia tena kwa mpira, hata mtoto alie vipi. Na mtoto nitamlea. Lala, mume wangu. Mungu akulaze pazuri. Mie nitakuja Alhamisi nipalilie majani, kaburi lako yamelizidi.

Ila nina haja na vitu, na sina mwingine wa kumwagiza. Nitumie msamaha wako kwa lile kopo. Nitumie mstari wa pili wa ule wimbo wa kumbembelezea Salma, nimeusahau na yeye anaungoja. Nitumie jina ulilotaka kumpa mtoto wa kiume, ulisema utaniambia siku yake ikifika. Nitumie mara moja tu kikohozi chako cha mlangoni, ili nijue ni weye unarudi. Na kulabu mbili za henga. Kama mbili ni nyingi, nitumie moja. Ile iliyopinda.