Mshubiri wa Wifi Yangu

Kiseke, Mwanza

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, mama. Huku tupo. Babu yako anakohoa kidogo, na mimi miguu imechoka. Unauliza kwa nini mshubiri wako unaoza huko Dodoma, na wewe unaumwagilia kila siku. Unaoza kwa sababu hiyo hiyo.

Mwaka nilioolewa, mama mkwe alisafiri kwenda Bukoba, akaniachia kopo la mshubiri. Ulipandwa na binti yake, wifi yangu, aliyefariki kabla sijaingia nyumba hii. Niliogopa usije ukafa mikononi mwangu, nikaumwagilia asubuhi na jioni. Aliporudi, majani yalikuwa yamelegea na yananuka. Nilipiga magoti mbele yake.

Akaung'oa taratibu, akakata palipooza, likabaki chipukizi moja zima.

"Tuliache likauke siku tatu," akasema. "Halafu tulipande kwenye mchanga. Maji ni mpaka mchanga ukauke kabisa."

"Nisamehe, mama."

Alikaa sakafuni kando yangu. "Baada ya msiba na mimi niliuozesha hivi hivi. Kila nikimkumbuka, naumwagilia."

Tulikaa pale sakafuni wote wawili, tukalia. Tangu nifike alikuwa akiniita mke wa Yosefu, yaani babu yako. Siku ile, aliponiomba nimsaidie kunyanyuka, aliniita kwa jina langu.

Wako nao ukate palipooza, uuache ukauke, na wewe upumzike. Mimi naenda kujinyoosha kidogo.

Bibi yako