Saluti ya Bhuwan kwa Mkewe

Basanti mkwe wangu,

Nimekwenda hekaluni kushukuru. Dali iko jikoni, ifunike paka asiionje. ~~Waamshe Bhuwan na mkewe waje kula.~~ Hapana, nimekata hilo. Waache walale.

Ulipokuwa shambani asubuhi, mkweo Hansa karudi! Kamaliza mafunzo ya uofisa jeshini, nyota zinang'aa mabegani. Karibu mwaka mzima yeye na mumewe hawajaonana. Nami nilimhofia mwanao Bhuwan: yeye sajenti, mkewe sasa ofisa. Wanaume wa dukani walishamcheka, "Utapikishwa, Bhuwan!"

Basi kitendawili: mume gani husimama wima mkewe akiingia? Bhuwan wetu! Aligonga visigino, akapiga saluti na kutoa salamu ya jeshi letu la India: "Jai Hind, afande!" Hansa akairudisha, ndipo akavua kofia, akajitanda mtandio, akainama kunigusa miguu kwa heshima.

"Chai atapika nani, afande?"

"Wewe, sajenti. Ni amri."

Bhuwan akaenda kuwasha jiko huku anacheka.

Lakini pale kwenye saluti macho yake yalijaa machozi ya fahari, na mkono ulikaa imara kipajini. Nimeishi na wanajeshi tangu niolewe, Basanti. Saluti kama ile sijaiona.

Mama mkwe wako