Wimbo wa Gati la Homa Bay

Homa Bay,
Jumapili

Kwa dada yangu mpendwa Mellen,

Nakusalimu wewe, shemeji Okari na wote hapo Suna. Natumai goti lako limepata nafuu na mjukuu ameacha kukohoa. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio umechafuka, na sababu utaiona.

Nilikwambia kuna kamati inayotaka kusimamisha jiwe la kumbukumbu kwenye gati la zamani. Nilisoma walichotaka kuandika. Meli zimetajwa kwa majina, mabwana wakubwa wametajwa, wafanyabiashara wa pamba wametajwa. Makuli hawamo. Ungedhani magunia yalikuwa na miguu, yakapanda melini yenyewe. Nilikwenda mkutanoni nikawaambia hivyo hivyo. Mwenyekiti, kijana aitwaye Oliver, akanijibu kwamba historia inataka ushahidi. Nikamwambia ushahidi ni shingo ya baba yangu, ambayo mpaka tunamzika haikunyooka. Mtu mmoja akasema mzee huyu apewe chai kabla hajatupiga. Wakacheka, lakini wakakubali: jiwe lichongwe jina la baba yetu Arasa, mwimbishaji wa makuli, na siku ya kulizindua niimbe wimbo aliowapandishia watu kwenye ubao wa kuingilia melini.

Wimbo ule ule, dada, ambao mama alitubembeleza nao, na ambao wewe sasa unambembelezea mjukuu.

Wiki iliyopita waliniomba niuimbe wausikie. Niliimba kwa kifua chote. Nyuma alikaa mama mmoja muuza dagaa wa omena, Bosibori, mtu wa kwetu. Akasimama, akaniomba ninyamaze. Oliver akamwambia mama asubiri zamu yake. Akamjibu kwamba amesubiri tangu Oliver hajazaliwa, kisha akatoka.

Nilimfuata nje nikitafuta ugomvi. Akaniita mwanangu, akanieleza kwa utulivu ulioniumiza kuliko matusi. Makuli walikanyaga ubao kwa kufuata sauti ya baba. Akiharakisha, nao waliharakisha, maana ubao ulikuwa mwembamba na anayechelewa alisukumwa na gunia la nyuma. Kampuni ya meli ililijua hilo, ndiyo maana ilimlipa baba aimbe, asibebe. Hata shingo ile, alisema, aliivunja kwa baiskeli aliyozawadiwa na kampuni.

Siku moja ya mvua ubao ulikuwa na utelezi. Makuli walimsihi baba apunguze mwendo. Msimamizi alikuwa akitazama saa yake, na baba akaongeza. Omwenga, mume wa Bosibori, akaanguka na gunia kati ya meli na gati, akafa. Wimbo haukukatika mpaka gunia la mwisho lilipopanda.

Wewe ni mkubwa kwangu. Kama ulilijua hili ukanyamaza, niambie. Maisha yangu yote nimewatukana wakubwa kwa jina la baba, kumbe sauti ya wakubwa ilikuwa inatoka kifuani mwake.

Ijumaa nilirudi kwenye kamati. Nikawaambia wafute Arasa, waandike Omwenga, nami siimbi. Oliver aliniuliza tena habari za ushahidi. Nikampeleka kwa Bosibori, na aliporudi alichukua kalamu akalikata jina la Arasa. Jina litabadilishwa.

Leo asubuhi nimejaribu kuuimba wimbo ule polepole, kama walivyomsihi. Unaimbika, dada. Unaimbika vizuri kabisa.

Nisalimie shemeji na watoto wote, na mwambie Phanice dawa ya mifugo nitaituma. Mungu awalinde.

Mdogo wako,
Gichana Arasa