Khalas ya Athumani

Jumanne, mwezi wa tatu

Nyasi changa za uwanja mpya wa gofu hapa Dubai zimekauka, na uwanja unafunguliwa Ijumaa.

Mwanangu Athumani ndiye mwenye kuzimwagilia. Juzi alimpigia simu msimamizi wake, Mwarabu, akamuuliza, "Maji yanatosha, nifunge?" Akajibiwa, "Khalas!" Basi akafunga maji, siku mbili na jua hili. Kumbe yule bwana hakujibu habari ya maji; alikuwa anamwambia basi, aache kumsumbua kwa simu.

"Mama, kwani khalas si basi?" ananiuliza, macho mekundu.

"Ni basi, mjinga wangu wee. Njoo ule."

Hakula. Leo wamemnyang'anya kitambulisho cha kazi. Viza yake ikifutwa, yangu nayo imekwisha, maana sote tunaishi hapa kwa kazi yake, na wajukuu wanarudi Mombasa katikati ya masomo.

Nimemwambia Mungu yupo. Sikumwambia kwamba nimeshaanza kukunja nguo za watoto.